Maji Yaliyochelewa Kuvuka Daraja

Mwishoni mwa mwaka 1869 kipindupindu kilishuka kutoka bara, kikapitia Pangani, kikavuka bahari hadi Unguja. Maradhi yenyewe hayakuwa mageni mjini, lakini safari hii yaliua maelfu ya watu katika muda wa miezi michache. Daktari mmoja Mskochi aliyekuwa akifanya kazi hapo, James Christie, alifuatilia njia yaliyopitia, na mwaka 1876 akachapisha kitabu kizima juu ya kipindupindu cha Afrika ya Mashariki. Anayetaka kujua mji wa Zanzibar ulikuwaje kabla ya mabomba aanzie kwenye kitabu hicho, ila asikisome wakati wa kula.

Mji ulikaa kwenye rasi ya Shangani. Magharibi yake palikuwa na bandari, na mashariki palikuwa na mkono wa bahari ulioingia ndani, ukijaa maji yanapojaa na kubaki tope tupu yanapokupwa. Kipande chembamba cha nchi kavu upande wa Mnazi Mmoja ndicho kilichouzuia mji usiwe kisiwa. Kwa kupitia Darajani ulifika Ng'ambo, kwenye vibanda vya udongo na makuti, walikokaa wavuvi, mafundi, vibarua, watumwa na watu waliokwisha kuachwa huru. Upande wa pili walikaa wenye majumba ya mawe. Mkono ule wa bahari ulikuwa ndio jaa la wote wawili.

Maji ya kunywa yalitoka visimani. Visima vilichimbwa katika mwamba wa matumbawe, ambao ni kama chujio lililotoboka: kinachomwagwa juu hakikawii kufika chini. Na mashimo ya vyoo yalichimbwa katika mwamba huohuo, hatua chache kutoka kisimani. Maji yenyewe yalikuwa ya chumvichumvi. Nahodha aliyejua mambo hakujaza mapipa yake mjini, bali alipeleka mashua kaskazini hadi Mtoni, palipokuwa na kijito cha maji matamu. Tajiri alimtuma mtumwa na mtungi, na maskini akanywa alichokipata. Ufukweni, mbele ya majumba yenyewe, zilitupwa taka za kila aina, hata mizoga. Livingstone, alipopita mwaka 1866, aliandika kwa kejeli kwamba mji ungestahili kupewa jina jipya kwa sababu ya uvundo wake.

Mtu aliyekuja kubadilisha haya alikuwa amekwisha kuona mji mwingine. Mwaka 1859 Barghash bin Said alijaribu kumpindua kaka yake, Sultani Majid. Akashindwa, na Waingereza wakampeleka Bombay, alikokaa kiasi cha miaka miwili. Miaka hiyohiyo Bombay ilikuwa inafungua mradi wake mkubwa wa maji: ziwa la Vihar, lililotengenezwa kwa kuziba bonde nje ya mji, lilianza kupeleka maji mjini kwa mabomba mwaka 1860. Kijana wa kifalme asiye na la kufanya, katika mji unaochimbwa barabara zake zote ili kulaza mabomba, hakuweza kukosa kuliona jambo hilo. Wanahistoria hupenda kuitaja zaidi ziara yake ya London na Paris ya mwaka 1875. Mimi naipa uzito zaidi Bombay. Kule Ulaya alikuwa mgeni wa heshima anayeonyeshwa mambo, Bombay aliishi.

Aliukalia ufalme Oktoba 1870, kipindupindu kikiwa kimetoka tu kupita. Aprili 1872 kimbunga kikavunja merikebu zake bandarini na kung'oa mikarafuu shamba kwa shamba. Mwaka 1873 akabanwa na Uingereza kutia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa na kuzuia usafirishaji wao kwa bahari. Mtu angedhani hazina iliyopigwa mara mbili namna hiyo isingekuwa na fedha za mabomba. Lakini forodha iliendelea kuingiza, karafuu za Pemba, ambako kimbunga hakikupiga sana, zikapanda bei, na pembe za ndovu ziliendelea kushuka kutoka bara.

Maji aliyoyachagua yalitoka Chemchem, karibu na Bububu, maili chache kaskazini mwa mji. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: chemchemi iko juu kidogo kuliko mji, kwa hiyo maji yateremke yenyewe. Hakuna pampu, hakuna makaa ya mawe, hakuna fundi wa kukesha. Kinachotakiwa ni mtu wa kupima mteremko vizuri, mawe na chokaa, halafu mabomba ya chuma yaliyoagizwa kutoka ng'ambo ya bahari. Ukipima vibaya, maji yanasimama njiani. Ukipima vizuri, yanakwenda usiku na mchana bila kuombwa.

Anayetaka kuona kazi ya mikono ya zama hizo asimame Maruhubi, kwenye magofu ya kasri ambalo Barghash alilijenga mwanzoni mwa miaka ya 1880 na ambalo liliungua mwaka 1899. Mbao zimekwisha zamani, na marumaru ziliibwa. Kilichobaki zaidi ni kile cha maji: hamamu yenye vyumba vyake, nguzo nene, mfereji wa juu, na mabirika ambayo sasa yameota mayungiyungi. Mawe ya nguzo hayakuchongwa sawasawa. Yamekusanywa makubwa kwa madogo na kushikwa kwa chokaa. Kwa karibu ni kazi ya kawaida kabisa, ya aina ileile iliyojenga kila ukuta wa Unguja. Ufundi ulikuwa kwenye mstari wa juu, pale maji yalipopita.

Mjini maji hayo yalitolewa bure. Barghash alikuwa na kiburi na hasira, na wala hakuwa mtetezi wa wanyonge, lakini kwa Mwislamu wa wakati wake kumnywesha mwenye kiu ni sadaka inayoendelea, na mtawala anayeuza maji angeonekana kioja. Alijenga pia Hamamni, hamamu ya umma ya mtindo wa Kiajemi, iliyodumu hadi 1920. Kuingia humo kulikuwa kwa kulipa.

Baada ya maji, taa. Mwaka 1883 Beit al-Ajaib ilisimama mbele ya bahari kwa nguzo zake za chuma na baraza zake pana, ikawa miongoni mwa majengo ya mwanzo ya Afrika ya Mashariki kupata umeme, na baadaye lifti. Mbele yake ulijengwa mnara wa taa, ambao mabaharia Waingereza waliubandika jina la mti wa Krismasi wa Sultani. Tangu 1879 mji ulikuwa umeunganishwa na Aden kwa waya wa telegrafu wa chini ya bahari. Mtu aliyefika kwa meli usiku katika miaka ya 1880 aliona mji unaong'aa kuliko bandari yoyote ya pwani hii. Ila mng'ao ule wote ulitazama baharini. Nyuma yake, baada ya vichochoro na baada ya tope, Ng'ambo ililala na vibatari na kuamkia visimani.

Barghash alifariki Machi 1888. Miaka miwili baadaye Zanzibar ikawa chini ya himaya ya Uingereza, na tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zikaupiga mji mizinga kwa muda usiotimia saa moja. Mnara wa taa ulivunjika pamoja na kasri la Beit al-Hukm. Beit al-Ajaib ilipokarabatiwa, mnara mpya wa saa ukajengwa mbele yake.

Serikali ya himaya ilipenda bustani. Kiwanja ambacho Barghash alikitengeneza kwa ajili ya wanawake wa nyumba yake kilitolewa kwa umma na Sultani Hamoud mwaka 1899, kikaitwa Victoria kwa heshima ya malkia. Ukumbi wake baadaye ulikuwa baraza la kutunga sheria kuanzia 1926. Mwaka 1904 soko la Darajani lilifunguliwa na kupewa jina la Estella. Mwaka uliofuata kampuni ya Kimarekani ikatandika reli ya kama maili saba kutoka Ngome Kongwe hadi Bububu, ikipita katikati ya njia nyembamba kiasi kwamba abiria angeweza kuchungulia jikoni kwa watu. Treni ilifuata karibu mkondo uleule wa bomba la maji. Abiria walikoma katika miaka ya 1920 magari yalipozidi, na siku za mwisho reli ilibeba mawe tu.

Mawe hayo yalikwenda Malindi kujenga gati mpya. Gati ilipokamilika shughuli za forodha zilihama kutoka mbele ya Ngome Kongwe, na hapo ndipo ulipopatikana uwanja ulio wazi ambao haujawahi kuwa wazi tangu mji uwepo. Katikati ya miaka ya 1930 ukapandwa majani na miti, ukajengewa kibanda cha bendi, ukafunguliwa kama bustani ya jubilii ya fedha ya Sultani Khalifa bin Haroub, aliyetawala tangu 1911. Rasmi iliitwa Jubilee Gardens. Watu walishika jina la kazi iliyokuwepo kabla, Forodhani, na hadi leo hakuna anayesema vingine.

Mkono wa bahari nao ulianza kufukiwa, kwanza upande wa kusini, kisha kidogokidogo hadi miaka ya 1950. Mwaka 1923 mchora ramani za miji H. V. Lanchester, aliyekwisha kufanya kazi India, aliletwa kuupanga mji mzima, na sehemu kubwa ya mapendekezo yake ilibaki kwenye karatasi. Kilichotekelezwa kwa bidii ni viwanja vya Mnazi Mmoja: gofu, kriketi, tenisi. Maofisa walieleza kwamba mji unahitaji hewa. Hewa hiyo lakini ilipangwa mahali maalumu, baina ya mtaa waliokaa Wazungu na nyumba za Waafrika, na haihitaji mtu awe na chuki ili aone kwamba nyasi zile zilikuwa pia mpaka. Waungwana wakipiga mipira yao asubuhi, siku za Idi uwanja huohuo ulijaa watoto wenye nguo mpya, wauza vitu vya kuchezea na pembea. Kwa siku nne mpaka ulifutika.

Ng'ambo, ambayo sasa ilikuwa imeuzidi mji wa mawe kwa watu, ilipata maji kwa mifereji ya mtaani: bomba moja kwenye njia panda, foleni ya ndoo, na kelele za alfajiri juu ya nani alitangulia. Wakaazi wake walijenga nyumba juu ya ardhi ya wengine na kulipa kodi ya kiwanja. Mwaka 1928 waligoma kuilipa, na mgomo ule uliwatoa serikali na wamiliki jasho jembamba. Hoja ya Ng'ambo ilikuwa rahisi: tunalipa kama watu wa mji, lakini huduma za mji hatuzioni.

Mapinduzi ya Januari 1964 yalikuja na jibu kubwa kwa hoja hiyo, na ukubwa wake unaonekana hata leo ukisimama kwenye mzunguko wa Michenzani. Ujerumani ya Mashariki ilileta wahandisi. Mwaka 1968 mpangaji Hubert Scholz alichora ramani ambayo ilipitisha njia mbili pana katikati ya Ng'ambo zikikatana kama msalaba, na kando yake majumba ya ghorofa, marefu kiasi cha mita mia tatu kila moja. Mzee Karume, rais wa wakati huo, aliyapenda majumba haya kuliko mradi wowote. Watu walitoka vibandani wakapewa nyumba zenye umeme, choo ndani na mfereji jikoni. Wengi wao walishiriki katika ujenzi wenyewe, kwa kazi za kujitolea ambazo si kila mara zilikuwa za hiari.

Tatizo lilikuwa juu. Maji ya Bububu yalikuja kwa mteremko, na mteremko wa Barghash ulipimwa kwa mji wa ghorofa mbili tatu na kwa mifereji ya chini. Haukuwa na nguvu za kupanda hadi ghorofa ya tano ya Michenzani. Pampu zilipotegemewa, zilitegemea umeme. Kwa hiyo katika jumba lililojengwa ili mama wa Ng'ambo asibebe tena ndoo, mama aliibeba ndoo ileile, safari hii kwa ngazi. Ukipita asubuhi unaona madumu ya manjano yamepangwa chini ya ngazi, kila moja na alama ya mwenyewe, mdomo umezibwa kwa kipande cha nailoni. Vijana hupandisha kwa malipo, bei ikipanda kwa ghorofa.

Mji ulikua, chemchemi hazikutosha, na visima virefu vikachimbwa kila upande kwa msaada wa Wafini, Wajapani na benki za maendeleo. Visima hivyo vyote ni vya pampu. Hapo ndipo maji na umeme vilifungwa pingu moja. Mwaka 1980, kwa fedha za Norway, waya ulilazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, kaskazini mwa Dar es Salaam, hadi Fumba, ukiwa na uwezo wa megawati 45. Majenereta ya zamani yakaachwa yapumzike, na mengine hayakuamka tena. Unguja nzima ikawa inaning'inia kwenye waya mmoja.

Tarehe 21 Mei 2008 waya uliharibika. Umeme ulirudi Juni 18. Watu hawajamaliza kusimulia kadhia hiyo, ikaja nyingine: kuanzia Disemba 10, 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu, kisiwa kilikuwa gizani. Giza lenyewe halikuwa mateso makubwa. Bibi zetu walilijua. Kilichouma ni mifereji kukauka. Pampu zilisimama zote kwa mpigo, na watu wakarudi kwenye visima vya ua ambavyo vilikuwa vimefunikwa kwa mbao miaka mingi. Samaki waliuzwa kabla ya saa nne asubuhi au wakaoza. Mahoteli yalinguruma kwa majenereta, na mwenye jenereta dogo alichaji simu za mtaa mzima kwa malipo. Waya wa pili, wa megawati 100, ulikamilika 2013 kwa fedha za Marekani. Pemba, ambayo hadi 2010 iliishi kwa majenereta ya Wesha, ilipata waya wake kutoka Tanga mwaka huo, wakati Unguja ikiwa ndiyo kwanza inatoka gizani, na Wapemba hawakuacha kulisemea hilo.

Giza lile lilipoingia mwishoni mwa 2009, Forodhani ilikuwa mpya. Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni uliichukua bustani iliyochakaa, nyasi zimekwisha, ukuta wa bahari umebomoka, taa hakuna. Ukaondoa wauza vyakula kwa muda, ukajenga upya ukuta, njia na mifereji ya maji machafu, na kuifungua mwishoni mwa Julai 2009. Kulikuwa na manung'uniko kwamba itakuwa bustani ya watalii. Nenda baada ya magharibi uone mwenyewe. Mwenye miwa anaipitisha mashineni mara ya tatu akiikunja na ndimu na tangawizi ndani; urojo unamiminwa juu ya bajia, kachori na viazi; familia zimetandika khanga majanini, na kabla ya jua kuzama vijana wanapokezana kukimbia na kujirusha baharini kutoka ukutani, kila mmoja akitafuta pozi la kupigwa picha. Watalii wapo. Wamekaa pembeni wakila.

Ukuta wa Mizingani, mbele ya kasri, ulifuata kwa mkopo wa Benki ya Dunia, baada ya mawimbi kuula kwa miaka mingi hadi barabara ikaanza kutitia. Beit al-Ajaib haikuwahi. Sehemu yake kubwa ilianguka Disemba 25, 2020, wakati wa ukarabati, na watu wawili wakafariki.

Mkopo uleule uliojenga ukuta ulikwenda pia kwenye kazi ambayo hakuna mtalii atakayeipiga picha: mitaro ya maji ya mvua. Kwa miaka mingi Mwanakwerekwe iligeuka ziwa kila masika, shule na makaburi vikizungukwa na maji, na watu wa Jang'ombe na Sebleni wakihamisha magodoro. Maji hayo yalisimama juu ya ardhi yenye mashimo ya vyoo, na kila baada ya miaka michache kipindupindu kilizuka palepale yaliposimama. Ukiniuliza kazi gani ya mji huu katika karne hii ina thamani kuliko zote, sitaitaja bustani. Nitautaja mtaro, na nitauliza nani anausafisha.

Maji safi yamebaki na mvutano wake. Baada ya 1964 yaliendelea kuwa bure, sera iliyorithiwa kwa Sultani Barghash na kudumishwa na waliompindua mjukuu wa nyumba yake. Sheria ya 2006 ilianzisha Mamlaka ya Maji, ZAWA, na baada yake ankara zikaanza kufika majumbani. Wengi walikataa kulipa, wakisema hawawezi kulipia mfereji unaotoa upepo. Mamlaka ikajibu kwamba bila malipo haina fedha za pampu. Wote wawili wanasema kweli. Wenye uwezo wamejitoa kwenye mabishano kwa kuchimba visima vyao uani, katika mwamba uleule wa matumbawe, karibu na makaro yao na ya majirani, na vingi vilivyo karibu na bahari vimeanza kutoa maji ya chumvi. Mpango wa serikali wa kutokomeza kipindupindu umewekewa mwisho mwaka 2027.